Cotesia wa viwavi wa mchicha: msimbopau unatofautiana na C. icipe kwa asilimia 3.1. Je, ni spishi mpya?

MchichaMoro

Salaam wanajamvi.

Nina nyigu vimelea wa jenasi Cotesia, majike 23 na madume 9, waliotoka kwa viwavi wa Spodoptera waliokusanywa kwenye mashamba ya mchicha Morogoro. Kila kiwavi alilelewa kwenye kikopo chake. Urefu wa mwili ni milimita 2.4 hadi 2.7. Kwa sura ya jumla wanakaribiana na Cotesia icipe, spishi iliyopewa jina mwaka 2017 kutokana na nyigu wa Kenya waliotoka kwa Spodoptera littoralis na S. exigua. Kilichonitia shaka ni bamba la pili la mgongo wa tumbo (T2): kwa majike wengi ni laini na linang'aa kuanzia katikati hadi ukingo wa nyuma.

Msimbopau wa vinasaba, yaani kipande cha jeni ya COI, umepatikana kwa majike wanne. Kwenye BOLD, hifadhidata ya misimbopau, anayekaribiana nao zaidi ni C. icipe, kwa tofauti ya asilimia 3.1.

Naomba msaada kwa haya. Tofauti hiyo inatosha kutangaza spishi mpya? Kule Kosta Rika spishi 403 zilitangazwa mwaka 2021 kwa kutegemea zaidi msimbopau, kwa nini huku isiwezekane? Na kuna chupa mbili za mtego wa Malaise (hema la wavu la kunasa wadudu warukao) kutoka msitu wa Amani, Tanga, zenye nyigu wanaofanana na hawa, ila wakikaushwa wananyauka, macho yanaingia ndani na tumbo linajikunja. Kosa liko wapi?

Papasi18

Mkuu, kwa ushahidi huo huwezi bado kusema ni spishi mpya, wala kusema si mpya. Asilimia 3.1 inakuonyesha pa kuchimba tu.

Anza na mfuatano wenyewe. Kipande cha kawaida kina herufi 658. Ufasiri kuwa asidi amino kwa jedwali namba 5, lile la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukikuta kodoni ya kusitisha katikati, au herufi moja imezidi ama kupungua, basi huenda umesoma nakala ya jeni iliyohamia zamani kwenye kiini cha seli. Nakala hizo haziisaidii seli kwa kazi yoyote, hivyo mabadiliko hujilimbikiza ndani yake bila kizuizi, nazo hukuzalia "spishi" ambayo porini haipo. Angalia pia kama mifuatano yako minne ina urefu sawa na ile ya BOLD. Ukilinganisha kipande cha herufi 400 na cha 658, asilimia unayopata inategemea ni sehemu gani ya jeni imebaki.

Ukimaliza hapo, pima Wolbachia. Bakteria huyu hukaa ndani ya seli na hurithiwa kwa mama pekee, sawasawa na mitokondria. Akienea katika kundi la nyigu anaiburuta mitokondria ya mama mmoja hadi izagae kundi zima. Matokeo yake makundi mawili ya spishi moja yanaweza kuwa na COI zilizoachana mbali, na spishi mbili halali zikawa na COI moja kwa sababu zilichanganyika mara moja zamani. Kipimo cha kawaida ni PCR ya jeni ya wsp. Hata wakikutwa hawana Wolbachia leo, soma jeni za kiini pia: kipande cha D2 cha 28S, na ITS2. 28S hubadilika polepole, kwa hiyo spishi mbili za Cotesia zilizo ndugu wa karibu zinaweza kuwa nayo moja. Ikifanana, hujapoteza kitu. Ikitofautiana sambamba na COI, hoja yako imepata mguu wa pili.

Mfano wa karibu ni C. sesamiae, anayeshambulia funza wa mabua ya mahindi. Kundi la Mombasa likitaga ndani ya Busseola fusca, mmoja wa funza hao, mayai huzingirwa na seli za kinga za kiwavi na kufa. Kundi la Kitale hukua humo bila shida. Tofauti hiyo inahusishwa na jeni za virusi ambavyo jike huvidunga pamoja na mayai, hasa ile iitwayo CrV1. Hata hivyo makundi hayo mawili yamebaki chini ya jina moja. Kinyume chake, nyigu waliokuwa wakihesabiwa humohumo ndani ya C. sesamiae, wale wanaotoka kwa Sesamia nonagrioides kwenye matete ya Typha, walitenganishwa mwaka 2017 na kuitwa C. typhae. Kilichowatenga ni kiwavi mwenyeji, mmea, vinasaba vya kiini na maumbile, vyote vikielekea upande mmoja.

Mtu asikudanganye pia kwamba jaribio la kuzalisha linamaliza ubishi. Dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye nayo, mayai yaliyorutubishwa hufa au hutoa madume matupu, ingawa wazazi wote wawili ni spishi moja. Majike wape asali yenye tetrasiklini kwanza, hakikisha kwa PCR kuwa kizazi kinachofuata hakina Wolbachia, ndipo uwakutanishe.

Na wanne ni wachache. Soma angalau kumi, madume wakiwemo, kutoka zaidi ya shamba moja. Kama viwavi wote walitoka kwenye matuta mawili ya jirani, huenda hao wanne ni watoto wa mama mmoja, na hapo umesoma kitu kimoja mara nne.

Sanduku_la_Pini

Aliyenitangulia amegusa vinasaba, nami niongeze upande ambao watu wengi huuruka: majina ya zamani.

Swali la kwanza kuhusu spishi yoyote mpya ya nyigu vimelea wa Afrika ni kama kuna mtu aliyekwisha kuipa jina miaka 80 au 100 iliyopita. Mpaka mwaka 1981, mtaalamu wa nyigu Mason alipoivunja jenasi Apanteles vipande vipande, spishi nyingi tunazoziita leo Cotesia, Glyptapanteles, Dolichogenidea na kadhalika zilikuwa zimerundikwa ndani ya jenasi hiyo moja. Kwa hiyo ukitafuta "Cotesia" peke yake kwenye maandiko ya zamani utapita kando ya jina unalolihitaji. Pitia Apanteles na Microgaster pia. Wilkinson alifanya kazi kubwa London miaka ya 1930, na de Saeger alichapisha mwaka 1944 nyigu wa iliyokuwa Parc National Albert, Virunga ya leo. Orodha ya dunia ya Microgastrinae iliyotoka 2020, yenye karibu spishi 3,000, ndiyo pa kuanzia: inakupa kila jina, jenasi lililomo sasa, na makumbusho inayohifadhi holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi.

Ukishapata majina yanayowezekana, waandikie wasimamizi wa makumbusho uombe picha za holotaipu. Usiseme tu "naomba picha". Taja unachotaka: uso kwa mbele, kichwa kwa juu, propodeo (sehemu ya nyuma kabisa ya kifua) na T1 hadi T3 kwa juu, bawa la mbele, mwisho wa tumbo kwa ubavu, na lebo zote. Ukiomba hivyo hupati picha moja ya mwili mzima isiyokusaidia kitu.

Sasa maumbile. Hakikisha kwanza uko kwenye jenasi sahihi. Papasi (antena) za Microgastrinae, nusufamilia ya Cotesia, zina pingili 18, haziongezeki wala hazipungui. Ukihesabu 17 basi ncha imekatika. Cotesia ana propodeo lenye mikwaruzo, mara nyingi na tuta moja la katikati. T1 ni pana, ama kingo zake zinakwenda sambamba ama linapanuka kuelekea nyuma. Mrija wa kutagia ni mfupi na bamba la mwisho la chini ya tumbo la jike halina mikunjo. T1 ikiwa inabana kuelekea nyuma na propodeo ni laini, uko kwa Glyptapanteles. Mrija mrefu, bamba la chini lenye mikunjo na propodeo lenye kijichumba cha katikati, hapo tafuta Apanteles mwenyewe.

Kuhusu T2 laini nina wasiwasi. Uchongaji wa mabamba hufuata ukubwa wa mwili, nyigu mdogo huwa laini kuliko mkubwa wa spishi ileile, na wako wana tofauti ya milimita 0.3. Wapange kwa urefu, kisha uone kama ulaini unakuja na udogo. Ukikuta hivyo, T2 haifai kuwa sifa yako kuu. Umesema pia "majike wengi". Wale waliobaki wakoje? Sifa ya kutenga spishi inapaswa kuwa kwa wote, au uandike wazi inavyobadilika.

Pima uwiano, usiishie kwenye urefu mtupu: ala ya mrija wa kutagia kwa tibia ya mguu wa nyuma, urefu wa T1 kwa upana wake pale inapopanuka zaidi, umbali kati ya vijicho viwili vya nyuma vya utosini kwa umbali kutoka kijicho hadi jicho kubwa. Majike kumi na madume watano wanatosha kwa jedwali zuri. Na madume usiwapuuze kwa sababu hawana mrija. C. flavipes, aliyeachiliwa Kenya mwaka 1993 kupambana na funza wa mabua Chilo partellus, hutenganishwa kwa uhakika na C. sesamiae kwa viungo vya uzazi vya dume. Ukiwa na majike tu unabahatisha. Chomoa ncha ya tumbo, iloweke kwenye KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 10 hadi nyama iyeyuke, suuza kwa maji, kisha pandisha kwenye kioo kwa balsamu ya Kanada. Gundi ya Hoyer inafanya kazi haraka, lakini baada ya miaka inajigeuza chembechembe na kielelezo kinapotea.

Jambo moja la mwisho kwa sasa. Je, una hakika wote 32 ni Cotesia? Vifukofuko vya Cotesia vinavutia nyigu wengine wanaokula nyigu: Mesochorus, Eulophidae, Pteromalidae. Hao hutoka kwenye kifukofuko kilekile siku kadhaa baadaye, mara nyingi kwa tundu lenye kingo chakavu ubavuni, wakati Cotesia hukata kifuniko cha mviringo kwenye ncha. Kila nyigu ahifadhiwe pamoja na kifukofuko chake na mabaki ya kiwavi wake ndani ya kidonge cha jelatini, kwenye pini moja. Ngozi ya kichwa ya kiwavi ndiyo itakayothibitisha Spodoptera gani.

MchichaMoro

Asanteni sana. Nimewapanga kwa urefu. Ulaini wa T2 haufuati ukubwa: majike wawili wadogo kabisa wana mikwaruzo na wakubwa ni laini. Lakini hao wawili walitoka shamba la tatu, na bado hawajasomwa COI. Kuhusu Kosta Rika naomba mnisaidie, maana kazi hii ya holotaipu inaweza kuchukua mwaka.

Kiwavi_Mmoja_Kikopo_Kimoja

Nitetee kidogo upande wa Kosta Rika. Katika hifadhi ya Guanacaste viwavi wamekuwa wakilelewa tangu 1978, na maelfu kwa maelfu ya nyigu waliotoka wana mwenyeji, mmea na msimbopau. Mwaka 2014 walichapisha spishi mpya 186 za Apanteles kwa njia kamili: maumbile, vinasaba, biolojia na funguo za utambuzi. Ni kazi nzuri mno, na hata hivyo iligusa jenasi moja tu. Kwa mwendo huo misitu itakatwa kabla hatujafika mbali. Ile ya 2021 ilijibu haraka hiyo, na spishi isiyo na jina hakuna anayeitetea.

Sanduku_la_Pini

Hoja ya haraka naikubali kwa moyo wote. Ninachokataa ni kuihamisha njia hiyo huku bila kuuliza inasimama juu ya nini.

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, kifungu cha 13, zinataka jina lolote la baada ya 1930 liambatane na maelezo ya maneno yanayotaja sifa za kuitenga spishi. Kubandika mfuatano wa herufi 658 hakusemi ni herufi ipi inayoitenga na jirani yake. Ukitaka kutumia vinasaba, andika kwa maneno: "katika nafasi ya 214 spishi hii ina A, zilizo karibu nayo zote zina T" (namba hiyo ni ya kuonyesha mtindo). Isitoshe, BIN ni kundi la misimbopau inayokaribiana linalotengenezwa na programu ya BOLD, na linaweza kugawanyika au kuungana data ikiongezeka. Uchambuzi upya uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa ukibadili njia ya kutenga makundi, mengi ya yale ya 2021 nayo yanabadilika.

Kwetu kuna tatizo zaidi. Holotaipu za zamani za Afrika karibu zote ni pini kavu zisizo na msimbopau. Ukiita jina jipya kwa COI peke yake, hakuna daraja kati ya jina lako na la 1944. Atakayekuja baadaye atatangaza kuwa lako ni kisawe, jina la pili la spishi ileile, na wakati huo maabara tatu zitakuwa zimelitumia.

Na jina lisilo sahihi lina gharama shambani. Kidung'ata wa muhogo alipoivamia Afrika, watafiti walimtafuta kwanza kaskazini mwa Amerika Kusini wakapata mdudu anayefanana naye sana, ambaye baadaye aliitwa Phenacoccus herreni. Nyigu wa huyo hawakufaa huku. Mwenyewe hasa, P. manihoti, alipatikana Paragwai mwaka 1981, na nyigu wake Anagyrus lopezi ndiye aliyeokoa muhogo wa bara zima. Wako anatoka kwa Spodoptera, jenasi ya viwavijeshi vamizi, na C. icipe amekwisha kukutwa ndani ya viwavi hao Afrika Mashariki. Mtu atamfuga na kumwachilia kwa kutumia jina utakaloandika wewe.

Hao majike wawili wa shamba la tatu ndio mtihani wako. Wasome kabla ya kitu kingine chochote.

Ethanoli96

Kuhusu chupa za Amani. Wakinyauka, sababu huwa mbili: ethanoli iliyolegea, au kukausha moja kwa moja hewani.

Wadudu wana maji mengi. Chupa ikijaa zaidi ya theluthi moja, ile asilimia 96 hushuka upesi, na joto nalo linaivukiza. Weka ethanoli theluthi mbili ya chupa, badilisha kila wiki, mbili zikizidi sana, na siku hiyohiyo ya kuteremsha mwaga ya zamani kupitia kitambaa chembamba uweke mpya ya 96. Halafu friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Lebo iwe ndani ya chupa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na maandishi ya printa ya leza wakati mwingine hubanduka yakaelea kama unga. Wale unaowataka kwa maumbile tu waweke kwenye 80, maana 96 ikikaa nao muda mrefu wanakuwa wagumu na papasi zinakatika ukiwagusa.

Kukausha: wahamishe kwenye ethanoli ya 100 mara mbili, kisha mchanganyiko nusu kwa nusu na HMDS (kimiminika cha kukaushia, hexamethyldisilazane), kisha HMDS tupu mara moja, kila hatua nusu saa. Acha ivukie yenyewe ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwani mvuke wake una sumu na unashika moto. Maji yakibaki hata kidogo kazi inaharibika, ndiyo maana ile 100 hairukwi. Kama kuna kikaushio cha nukta hatarishi (critical point dryer) kwenye chuo kilicho karibu, kitumie kwa holotaipu na parataipu (vielelezo vingine vinavyotajwa pamoja nayo kwenye makala).

Vinasaba kabla ya kukausha. Toa mguu mmoja wa nyuma wa kulia, au loweka mwili mzima kwenye bafa yenye proteinesi K kwa nyuzi 56 usiku mmoja. Usizidishe, rangi hupauka. Ukibandika, gundi ishike ubavu wa kulia wa kifua juu ya ncha ya kadi ya pembetatu. Upande wa kushoto unabaki mzima kwa vipimo na picha.

Na kwa waliolelewa: usimuue siku anapotoka. Mpe asali na saa 24 ngozi ikomae. Nyigu mchanga ana koksa (pingili ya kwanza ya mguu) na miguu ya rangi hafifu, na rangi hiyo imeingia kwenye maelezo mengi kama sifa ya spishi.

MchichaMoro

Matokeo: majike wawili wa shamba la tatu ni C. icipe kwa COI, tofauti asilimia 0.2. Kumi na mmoja wa mashamba mengine, madume watatu wakiwemo, wamesimama pamoja, asilimia 3.0 hadi 3.3 kutoka kwao. Mifuatano yote inafasirika bila kodoni ya kusitisha, Wolbachia hakuna kwa yeyote, na ITS2 inatofautiana pia. Nimeanza kuwaandikia wa makumbusho. Wakikosekana kwenye majina ya zamani, je, jina la Kiswahili linaruhusiwa? Nilifikiria neno "mng'ao", kwa ajili ya T2.

Sanduku_la_Pini

Hapo sasa kuna kitu. Sifa inatembea na COI, na jeni ya kiini inakubali.

Jina la Kiswahili linaruhusiwa kabisa, lakini ritifaa hairuhusiwi: liandike "mngao" tangu mara ya kwanza. Tamka kwenye makala kuwa ni nomino, si kivumishi, ili mwisho wake usibadilike spishi ikihamishiwa jenasi yenye jinsia nyingine ya Kilatini. Thibitisha kuwa hakuna "mngao" ndani ya Cotesia wala miongoni mwa spishi zilizowahi kuitwa Apanteles kisha zikahamia humo, la sivyo itakuwa homonimu, jina lilelile kwa spishi mbili.

Holotaipu ni nyigu mmoja, jike, mwenye pini yake na lebo nyekundu, na makala itaje makumbusho atakapohifadhiwa. Kadi ikiwa na nyigu wawili, onyesha ni yupi. Parataipu zigawe: baadhi zibaki nchini, baadhi Nairobi, baadhi London, ajali moja isifute zote. Jarida likiwa la mtandaoni tu, makala isajiliwe ZooBank, rejista ya majina ya wanyama, na namba ya usajili ionekane ndani yake. Wahariri watadai pia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa nyigu wa Amani, na mkataba wa kuhamisha sampuli kwa zitakazotoka nje ya nchi; namba hizo ziandae sasa, maana baada ya kukusanya hazipatikani kirahisi.

Hadi makala itoke, tumia msimbo, kwa mfano "Cotesia sp. MOR1", kwenye hifadhidata ya vinasaba ya GenBank, kwenye mabango ya mikutano na kwenye tasnifu. Na hapa jamvini pia: hariri ujumbe wako uliotangulia ulitoe hilo jina, nami nitalitoa kwenye huu wangu ukishathibitisha kuwa umelinakili.